Kiingereza cha SAT ukiwa Nairobi: darasa la kulipia, laptopu yako, au maktaba na wenzako?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakishatoka, vijana wanaolenga vyuo vya Marekani huniuliza swali moja: nilipie darasa la SAT, ule mtihani ambao vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji, pale mjini, au nisome mwenyewe? Kwa upande wa hesabu, jibu langu hutegemea mtu. Kwa Kiingereza nina msimamo. Wengi waliosoma sekondari zetu na kupata B au zaidi katika Kiingereza hawahitaji kulipia darasa la miezi kadhaa. Wanahitaji majaribio rasmi, ambayo ni ya bure, daftari la makosa, na wenzao wawili au watatu wa kubishana nao kuhusu majibu. Darasa lina watu wake, na nitawataja, lakini si wengi kama matangazo yanavyodai.

Kwanza hakikisha unauhitaji mtihani wenyewe. Anayeomba shahada hapa nchini hupangiwa nafasi na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, kwa alama za KCSE, na C+ ndiyo gredi ya chini ya kuingilia. Hakuna mtihani mwingine juu ya huo. Kwa Marekani, vyuo vingi bado havilazimishi SAT, ila MIT ilirudisha sharti hilo 2022, na Dartmouth na Harvard vikatangaza kulirudisha 2024. Fungua tovuti ya kila chuo kilicho kwenye orodha yako, usome kipengele hicho kwa macho yako mwenyewe.

Pia usichanganye SAT na IELTS, TOEFL au Duolingo English Test. Hiyo mitatu hupima kama unakimudu Kiingereza kiasi cha kufuata masomo, na inakutaka usikilize na uongee pia. Sehemu ya kusoma ya IELTS ya kitaaluma, kwa mfano, ina habari tatu ndefu, maswali 40, na saa moja. Mazoezi yake ni ya namna nyingine kabisa. Vyuo vingi vina utaratibu wa kumsamehe mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza sekondari nzima, basi uliza kabla hujatoa pesa. Hapa nazungumzia SAT.

Mtihani unataka nini hasa

SAT sasa hufanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook ya College Board, shirika la Marekani linaloutunga. Sisi wa nje ya Marekani tulihamishiwa huko Machi 2023, Wamarekani wenyewe wakafuata 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 ya dakika 64, yaliyokatwa katikati: 27 kwa dakika 32, kisha 27 mengine kwa dakika 32. Ukifanya vizuri nusu ya kwanza unapewa nusu ya pili iliyo ngumu zaidi, na alama za juu zinapatikana huko. Sehemu hii pekee ina alama 200 hadi 800. Ukikosea hukatwi kitu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali tupu.

Kila swali lina kifungu chake, cha maneno 25 hadi 150. Gawanya muda uone: sekunde 71 hivi kwa swali. Ndani ya dakika tano unaweza kutoka kwenye kifungu cha chembe za mmea ukaingia kwenye shairi, ukatoka ukaingia kwenye hotuba ya kisiasa ya karne ya 19, kisha ukapewa jedwali la takwimu. Aliyetoka KCSE amezoea jambo lingine. Karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, ilimpa ufahamu mmoja mrefu wa alama 20 na sarufi ya alama 15, na akaandika majibu kwa maneno yake. Alikuwa na nafasi ya kutulia ndani ya habari moja. SAT haimpi nafasi hiyo, na ndiyo maana nimeona wanafunzi wazuri wa Kiingereza wakishtuka kwenye jaribio la kwanza. Kiingereza wanakijua. Wasichokuwa nacho ni mazoea ya kuhama mada kila dakika.

Mpangilio wa maswali haubadilibadiliki, na hilo ni faida kubwa. Huanza na msamiati na muundo wa kifungu, yakaja ya kuelewa habari na ushahidi, yakaja ya sarufi na uakifishaji, halafu ya kuunganisha mawazo. Ya sarufi peke yake ni karibu robo ya maswali yote.

Sarufi: hapa kusoma mwenyewe kunashinda

Sarufi ya SAT ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Upatanisho wa kiima na kitenzi, nyakati, viwakilishi, vishazi, na matumizi ya mkato, nukta mkato, koloni na deshi. Kanuni zote hizo zinaenea kwenye kurasa chache za daftari. Khan Academy, tovuti ya mafunzo inayoshirikiana na College Board, inazifundisha moja moja bila malipo, na inafunguka kwenye simu. College Board yenyewe ina benki ya maswali ambayo unaweza kuchuja kwa aina, ukapakua ya mipaka ya sentensi (mkato, nukta mkato na wenzao) peke yake, au ya maumbo (upatanisho, nyakati na viwakilishi) peke yake, na ukachapisha. Darasani mwalimu huenda kwa mwendo wa kundi: wewe unakosea koloni, kundi liko kwenye nyakati, na umelipia saa mbili za kitu unachokijua.

Tena Mkenya ana msaada ambao vitabu vya Marekani havimpi mtu: somo la ngeli. Chukua sentensi hii: “Gunia la viazi lililoletwa na akina mama wa Marikiti limepasuka.” Aliyepitia ngeli vizuri hawezi kuandika “vimepasuka” kwa sababu ya viazi, wala “wamepasuka” kwa sababu ya akina mama. Kitenzi kinarudi nyuma hadi kwenye gunia. Sasa njoo kwenye Kiingereza: “The sack of potatoes brought by the women has burst.” Mtego wa SAT ni huo huo. Watalitenga neno kuu na kitenzi chake kwa maneno kumi au zaidi, wajaze wingi katikati, kisha wakuwekee “have” kama mojawapo ya majibu. Mwambie mwanafunzi ajiulize tu, kama anavyojiuliza katika Kiswahili, kitenzi hiki ni cha nani. Makosa ya aina hiyo hupungua haraka.

Upande mwingine Kiswahili kinatuponza, na inafaa kujua ni wapi. Sisi huandika bila shida yoyote: “Mvua ilikosekana Machi, wakulima wakapanda tena Aprili.” Ile -ka- imebeba kazi ya kuunganisha, kwa hiyo mkato unatosha. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika “The rains failed in March, the farmers planted again in April,” umeunganisha vishazi huru viwili kwa mkato mtupu, na SAT inalihesabu kosa. Hapo panahitaji nukta, au nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi kama “so”. Swali la namna hii hurudi tena na tena. Jizoeze kufunika upande mmoja wa alama, kisha mwingine: kila upande ukisimama peke yake kama sentensi kamili, mkato mtupu haufai.

Kwa nani basi darasa lina faida katika sarufi? Kwa yule ambaye hajui kishazi huru ni kipi hata akielezwa kwenye video mara tatu. Huyo anahitaji mtu aliyekaa mbele yake, anayeona anakwamia wapi. Lakini anahitaji mwalimu wake peke yake kwa saa chache, au kikundi cha watu wanne. Chumba chenye watu thelathini wanaonakili majibu ubaoni hakitamsaidia.

Msamiati: angalia kitabu kabla hujakinunua

Ukipita kwa wauza vitabu wa inama, wanaovitandaza chini pale katikati ya jiji, utakuta vitabu vinene vya SAT kwa bei nzuri sana. Kabla hujatoa pesa, tafuta alama ya juu kabisa inayotajwa ndani. Ikiwa ni 2400, kitabu hicho ni cha mtihani uliotumika kuanzia 2005 hadi mapema 2016. Kikiwa na maswali ya kulinganisha jozi za maneno, ni cha kabla ya 2005. Vitabu hivyo vina orodha ndefu za maneno adimu kwa sababu mitihani ya wakati huo ilimtaka mtu azikariri. Mtihani wa sasa hautaki hivyo, na nasikitika kuona kijana anakesha na orodha ya maneno elfu ambayo hayamsaidii.

Wa sasa hukupa kifungu chenye pengo au neno lililopigiwa mstari, ukachagua linalofaa pale. Mengi ni maneno unayoyajua kwa maana moja, huku mtihani ukitaka maana ya pili. “Novel” kwetu ni riwaya. Kwenye kifungu cha sayansi ni kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana. “Reservations” si lazima yawe ya hoteli, huweza kuwa mashaka. “Qualify” huweza kumaanisha kupunguza ukali wa kauli. Maneno haya huyapati kwa kukariri. Unayapata kwa kukutana nayo ndani ya sentensi.

Na hapa KCSE inakusaidia tena. Kumbuka zoezi la kujaza mapengo kwenye karatasi ya kwanza, alama 10, ambapo hukupewa majibu ya kuchagua. Ulilitoa neno kichwani. Fanya hivyo hivyo. Funika majibu manne, soma kifungu, weka neno lako mwenyewe, hata kama ni la Kiswahili, kisha fungua majibu utafute linalokaribiana nalo. Anayeanza kwa kuyasoma majibu manne huvutwa na neno lenye sauti ya kisomi.

Ukilinganisha njia zote tatu katika msamiati, darasa ni dhaifu, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweza kukuwekea maneno kichwani Jumamosi mbili kwa mwezi. Simu ni nzuri sana kwa kurudia. Anki, programu ya kadi za kukariri, ni ya bure kwenye Android na kwenye kompyuta, na hukuletea neno tena siku unapokaribia kulisahau. Lakini tengeneza kadi zako mwenyewe, na kila kadi ibebe sentensi nzima ulikolikuta neno hilo. Kadi tano kwa siku ndani ya matatu zinatosha. Maneno yenyewe utayatoa kwenye kusoma, na kusoma ndiko kwenye kazi kubwa.

Kusoma: kazi ya maktaba na ya watu watatu

Mtu ataniuliza: kama vifungu vya SAT ni vifupi, kwa nini nisome magazeti na makala ndefu? Kwa sababu kifungu cha maneno mia huwa kimekatwa kutoka kwenye mjadala ambao hukuwepo. Kina “hata hivyo” yake, kina mtafiti anayepinga watafiti waliotangulia, kina madai na ushahidi. Aliyezoea kusoma hoja ndefu anaitambua sura hiyo mara moja. Asiyezoea husoma maneno yote, akamaliza, na bado hajui mwandishi anaunga mkono nini.

Soma kurasa za maoni za Daily Nation au The Standard, na makala za uchumi na siasa za The EastAfrican. Kila aya ikiisha, andika pembeni kwa sentensi moja imefanya kazi gani: imeleta dai, imetoa mfano, imekubali hoja ya mpinzani, imegeuka. Ukiweza kufanya hivyo bila kusita, maswali ya muundo wa kifungu yatakuwa mepesi. Magazeti yetu yana upungufu mmoja, hayatakupa Kiingereza cha hadithi na mashairi ya karne ya 19, na SAT hupenda kukuwekea hicho. Project Gutenberg ina maelfu ya vitabu vya zamani bila malipo. Chukua ukurasa mmoja kwa siku, usome polepole mpaka sentensi ndefu zikae.

Maktaba inaingilia hapo. McMillan ya Banda Street, iliyofunguliwa 1931, matawi yake ya Kaloleni na Makadara, Maktaba Kuu ya Taifa kule Upper Hill, na ile ya Buruburu. Sizitaji kwa ajili ya rafu zake peke yake. Kwenye nyumba ya chumba kimoja yenye ndugu wanne na televisheni, dakika 32 za kimya hazipatikani, na jaribio lililokatizwa mara tatu halikuambii ukweli kuhusu alama zako. Mezani maktabani utakaa na wenzako, mtafanya sehemu moja kila mtu kivyake, kisha mtoke nje mkajadili.

Mjadala huo una namna yake. Msiishie kuulizana jibu ni lipi. Kila mmoja aeleze kwa nini majibu matatu mengine ni mabaya, na aonyeshe neno lililoyaharibu. Tuseme kifungu kinasema kwamba watafiti waliwaona baadhi ya tembo wa eneo moja wakibadili njia zao wakati wa ukame. Jibu moja linasema tembo hubadili njia kila ukame ukija. Mwenzako alilichagua. Mwonyeshe “baadhi”, mwonyeshe “eneo moja”, halafu mwonyeshe “kila”. Jibu limevuka kilichosemwa. Jibu lingine huenda ni kweli kabisa kuhusu tembo, ila kifungu hakikulisema. Mwanafunzi mwenye maarifa mengi hunaswa na hilo zaidi ya mwenzake, kwa sababu anajibu kwa anachokijua badala ya kilichoandikwa. Ukishalazimika kuyaeleza haya kwa sauti mbele ya watu wanaokupinga, siku ya mtihani unayaona bila kutafuta. Sijapata video wala darasa kubwa linalofanya kazi hii vizuri kuliko vijana watatu wanaobishana kwa heshima.

Pesa, kifaa na stima

Ada ya SAT kwa mtahiniwa wa nje ya Marekani ni zaidi ya dola 100, kwa hiyo si mtihani wa kwenda kujaribu bahati. Ukiongeza darasa juu yake, mzazi ametoa pesa ambazo huenda zilihitajika kwenye pasipoti na viza.

Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Inataka kompyuta ya Windows au Mac, au iPad, au Chromebook inayosimamiwa na shule, na saiba nyingi hazikubali mteja asakinishe programu. Hapa ndipo baadhi ya madarasa ya kulipia yana faida ya kweli: wana kompyuta. Kama huna laptopu na huna wa kukuazima, hiyo ni sababu nzuri ya kulipa kuliko mafunzo yao. Jaribu kwanza kumwomba binamu, mwalimu wako wa zamani, au kanisa lenye chumba cha kompyuta. Huhitaji laptopu kila siku. Maswali ya aina moja moja unaweza kuchapisha saiba, mara nyingi kwa shilingi 10 kwa ukurasa, na kuna majaribio kamili ya karatasi ya kupakua, ingawa hayo hayabadilishi ugumu wa nusu ya pili. Laptopu itafute kwa majaribio kamili ya Bluebook, na usiyamalize yote mwezi wa kwanza. Bakiza mawili ya wiki za mwisho.

Intaneti ikikatika katikati ya jaribio, endelea. Bluebook huhitaji mtandao wakati wa kuanza na wa kutuma majibu, hapo katikati inakwenda yenyewe. Stima ndiyo ya kuogopa kama betri ya laptopu yako imechoka. Siku ya mtihani betri inapaswa kudumu saa tatu hadi nne, basi ipime mapema.

Nani achague nini

Fanya jaribio moja kamili la Bluebook kabla hujaamua lolote, kisha yahesabu makosa kwa aina. Ukipata 600 au zaidi katika sehemu ya kusoma na kuandika, na makosa yametawanyika, darasa halina la kukuongezea. Kaa na kikundi chako na daftari. Ukipata kati ya 500 na 600 na makosa mengi ni ya sarufi, una bahati, kwa sababu sarufi ndiyo hupanda haraka. Wiki chache za benki ya maswali, aina moja kwa wakati, zitaonyesha tofauti. Ukiwa hapo hapo lakini makosa ni ya kusoma, itachukua muda mrefu zaidi, na gazeti la kila siku linakufaa kuliko mbinu zozote za kuuziwa. Jiandikishie tarehe ya mbali: nje ya Marekani mtihani hufanywa Machi, Mei, Juni, na kuanzia Agosti hadi Desemba, kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne hana haja ya kukimbilia Machi.

Ukiwa chini ya 500, au ukijijua kwamba ukiwa peke yako hufungui daftari, darasa ni uamuzi mzuri na usione aibu. Ila kabla mzazi hajalipa, nenda naye muulize mambo matatu. Je, wanatumia majaribio ya sasa ya Bluebook au vitabu vya zamani? Kundi lina watu wangapi? Na je, mwalimu ataketi na karatasi ya makosa ya mtoto huyu mmoja, au kila mtu atafundishwa somo lile lile? Jibu la swali la tatu likiwa la kuzungukazunguka, shika njia ya Banda Street.